Nafasi ya Kurudi Nyuma

...na uzi nao haukutaka kunyooka, upepo unauchezea, akauvuta tena kwa vidole viwili mpaka ukalala juu ya mstari wa chaki ukingoni mwa barabara, hapa baiskeli, pale skuta za kukodi, magurudumu ya mbele yote yakitazama njia ya waenda kwa miguu, yamejipanga kama meno ya mtoto, ndivyo alivyoyachora maegesho haya na ndivyo mkuu wake wa kazi alivyoyakubali, na fundi wa rangi amechuchumaa kando ya ndoo, "Dada, nipake, au tunasubiri chaki iote?" subiri kidogo, kaka, subiri, wala hakujua anasubiri nini, mchoro ni wake, mtaa ni wa mama yake, pale kwenye mlango wa kijani, mama ambaye hatoki tena tangu alipojikwaa kwenye skuta iliyolazwa katikati ya njia, akaangukia mkono, mkono umeshapona, mama hatoki, "Nitoke niende wapi, mwanangu, na hayo madude yamelala njiani kama mbwa?" na yeye akajiapia kimyakimya kwamba atayashusha yote barabarani, na huyo aliyeiacha skuta pale, sijui kijana gani, mikono imwoze... hapana, mama hakumlea hivyo, lakini mistari yote hii ameichora huku akimlaani, mwenye duka, aliyezoea kuegesha hapa, anapaza sauti kutoka mlangoni, "Na gari langu mimi nilibebe kichwani?" fundi anamjibu, "Shingo unayo, mzee, jaribu," wanacheka, akacheka na yeye, akarudi nyuma hatua moja kuukaza uzi, na hapo gari likapita, upepo wake ukampiga mgongoni, honi ndefu, "Dada, angalia!" naangalia... hapana, hukuangalia, baiskeli iliyoingizwa kichwa mbele hutolewaje? kinyumenyume, mtu anaivuta, macho kwenye kufuli, mgongo barabarani, hapa hapa aliposimama yeye, na kwenye mchoro wake hamna mtu, mna baiskeli tu, zimejiegesha zenyewe kama zimeshuka kutoka mbinguni, akazigeuza akilini, zitazame barabara, basi mtu atarudi nyuma hadi njiani, amkumbe mama, hapana, zikae mshazari, ziachane, kila mtu apate pa kusimama ndani ya mistari, zitaingia chache, mkuu alishawatangazia watu kwamba zote zitaenea, atanuna, na anune, kununa hakujamuua mtu... na yule kijana, siku ile, alifika hapa, akatazama kulia, akatazama kushoto, magari yamebanana ukingo mzima, aiweke wapi? labda alikuwa amechelewa, labda naye kuna mama anayemsubiri nyuma ya mlango fulani, na kesho angekuja tena, safari hii aiegeshe vizuri, kama alivyoelekezwa, ndani ya mistari hii mizuri, na jioni aje kuichukua, ashike usukani, arudi nyuma hatua moja... "Haya, nipake, dada?" rangi imekwishakorogwa, brashi iko hewani, na neno lenyewe fupi, alilijaribu kwanza moyoni aone kama linatamkika, likatamkika, "Futa, kaka. Futa yote."