Gesi Isiyonuka

Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, na kwa ajili ya herufi hiyo moja nusura nimzike mdogo wangu. Nasema hivi nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimeambiwa nipoe mara za kutosha.

Mimi ni fundi wa magari katika kiwanda cha mikate. Tuna magari kumi na moja ya kusambazia, madogo, meupe, na yote yanatumia gesi, ndugu wa ile ya jikoni, ila yetu inakaa kwenye tangi la chuma nyuma ya kiti cha dereva. Petroli tuliachana nayo miaka miwili iliyopita, na niliyeyabadilisha magari yote ni mimi, kwa mikono hii. Sijutii. Oili inakaa wiki na wiki bado ina rangi ya asali, plagi hazishiki masizi, na ukisimama nyuma ya gari hukohoi. Anayesema gesi ni mbaya aje tubishane, nina muda. Gesi haijanikosea kitu. Walionikosea ni watu.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule mnuko wa yai viza unaokushtua jikoni hutiwa makusudi na wauzaji, ili ikivuja ujue. Kila fundi wa gesi analijua hilo, na mimi nilidhani kila mwenye akili zake timamu analijua.

Pale kiwandani wananiita Pua. Dereva akiingia getini na kiungo cha bomba la gesi kimelegea, namwita arudi gereji kabla hajazima injini. Madereva wananitania kwamba siku nikistaafu, pua ibaki kazini.

Gari namba tisa linaendeshwa na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Wenzake wanamwita Foronya, kwa sababu popote anapoegemea, analala. Kati ya mzigo wa alfajiri na mzigo wa saa nne, anapandisha vioo kwa sababu ya nzi, anashusha kofia usoni, basi, hayupo tena duniani. Kazi ile nilimwombea mimi. Mama alikuwa hataki. Alisema gari la gesi ni jiko lenye magurudumu. Nikamwambia, "Mama, nitakuwa nalikagua mimi mwenyewe." Hapo ndipo alipokubali.

Sasa sikiliza. Wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, duka moja kubwa lilirudisha trei mbili za mikate ya namba tisa. Barua yao ilisema mikate inanuka gesi. Nilikagua gari, nikakuta pete ya mpira kwenye kiungo cha bomba imechoka. Kitu chenyewe hakizidi kifungo cha shati. Nikaandika ombi la pete mpya, nikakaza kiungo, nikapaka maji ya sabuni. Hayakutoa hata kiputo kimoja, maana yake hakuvuji. Nilitaka gari lisimame mpaka pete ije, meneja akasema mikate haisubiri pete. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba likinuka tena linasimama. Hapo ndipo nilipokosea, na sijifichi. Niliitegemea pua yangu, na pua ilitegemea gesi inuke.

Meneja wetu tunamwita Bwana Safi. Ukimsalimu, "Safi!" Ukimwambia mashine ya kukandia unga imekufa, "Safi, tunalishughulikia." Ubavuni mwa kila gari ameandikisha kwa rangi ya kijani: Nishati Safi, Mkate Safi. Barua ya lile duka ilimchoma kuliko ilivyotuchoma sote, kwa sababu ilikuwa na neno "inanuka", na nakala yake ilikwenda kwa mwenye kiwanda.

Jumamosi moja sikuwepo kazini. Nilivyokuja kuambiwa baadaye, lilikuja lori la muuzaji mgeni, likajaza tangi letu kubwa la uani. Mimi sikuambiwa. Wa kuambiwa ni nani, fundi?

Jumanne asubuhi nilikuwa najazia gari namba mbili. Ukiutoa mpira wa kujazia, lazima gesi kidogo iponyoke, na harufu yake ikupige usoni. Siku hiyo ilisema "psss", halafu kimya. Nikavuta hewa. Hakuna kitu. Nikavuta tena.

"Pua imezeeka," alisema dereva wa namba mbili. "Tukununulie nyingine?"

Nilidhani ni mafua. Nikanusa kitambaa cha grisi, kilinuka. Nikageukia upande wa tanuri, mikate ilinukia. Soksi za mlinzi hazikunihitaji hata nisogee. Pua ilikuwa nzima. Basi mwenye kasoro hakuwa mimi, ni gesi, na gesi hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye magari yote kumi na moja tangu jana yake.

Nikakumbuka pete.

Sikumbuki niliiacha wapi spana. Ninachokumbuka ni kwamba nilikimbia uani na chupa ya sabuni mkononi, na wapakiaji wakanicheka, kwa sababu mimi si mtu wa kukimbia. Namba tisa lilikuwa limeegeshwa ukutani, vioo juu, Foronya ndani, kofia usoni. Nilipofungua mlango sikusikia harufu yoyote. Nilisikia mluzi mwembamba nyuma ya kiti, kama wa birika linalokaribia kuchemka.

Mlango ulimwamsha. Alifungua macho mazito, akasema, "Dada, mzigo tayari?" na mkono wake, kwa mazoea yale ya kila siku, ukaenda kwenye ufunguo.

Nilimdaka kifundo cha mkono. Nilimvuta nje kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, akaanguka juu yangu, tukagaragara wote kwenye vumbi.

"Una wazimu?" akafoka.

"Usiguse chochote! Gari limejaa gesi!"

"Gesi gani? Mbona hainuki?"

Nilichomoa ufunguo, nikafunga valvu ya tangi, nikapiga kelele watu wazime kila kinachowaka. Tulilisukuma gari kwa mikono hadi katikati ya uwanja, penye upepo, tukaacha milango wazi. Foronya alikaa chini akashika kichwa. Alisema kinamuuma tangu alipoegemea, akadhani ni jua. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumzaba kofi kwa kulala na vioo juu, sikufanya hata moja.

Bwana Safi akatoka ofisini, kalamu sikioni.

"Fundi, mbona mzigo haupakiwi? Mikate inapoa."

"Hii gesi umeitoa wapi?"

Uso wake ukang'aa. Wallahi uling'aa. "Umeigundua, eh? Safi! Nimeipata kwa wale wanaowauzia watengeneza marashi ya kupuliza. Haina harufu hata chembe. Yale malalamiko ya mikate kunuka, tumeyamaliza."

"Umemaliza nini?"

"Harufu."

"Harufu ilikuwa inakwambia bomba linavuja! Umeambiwa nyumba inaungua, ukamfukuza aliyepiga kelele!"

"Punguza ukali, fundi. Mbele ya watu. Mimi nimesimama hapa na sisikii harufu yoyote."

"Wala yeye hakusikia!" Nilimwonyesha Foronya. "Alikuwa amelala humo ndani, na mkono ulishafika kwenye ufunguo!"

Nilirudi kwenye gari, nikafungua valvu kidogo tu, nikanyunyiza sabuni kwenye kiungo. Povu liliumuka kama unga uliotiwa hamira nyingi, likapasuka, likaumuka tena. Madereva walikuwa wameshajaa nyuma yetu. Nikaifunga valvu.

"Haya," nikamwambia. "Gesi yako safi. Ufunguo ninao mimi, sikwambii uwashe. Ingia, pandisha vioo, ulale kidogo kama alivyolala mdogo wangu. Nitakuamsha."

Alilitazama povu. Alinitazama mimi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, na kalamu ikamdondoka sikioni asiiokote.

"Angalia, fundi," akasema kwa sauti ya chini, "usije ukamwaga unga wako."

Kwenye kiwanda cha mikate mzaha huo tunautumia kila siku, na kila siku kuna anayecheka. Siku hiyo hakucheka mtu. Dereva wa namba mbili, yuleyule aliyetaka kuninunulia pua, alinijia akanikabidhi ufunguo wake. Wengine wakafuata. Mifuko yangu ilijaa funguo hadi suruali ikawa inaniteleza kiunoni, na mkate wa saa nne ukapoa wote palepale kwenye trei.

Siku ya tatu muuzaji wa zamani alirudi na gesi yake inayonuka. Siku hiyohiyo nililetewa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo kwa kosa la kuchelewesha usambazaji na kumvunjia heshima mkuu wa kazi. Ya pili ilitoka stoo, na ndani yake kulikuwa na pete ya mpira.

Nilimfuata mtunza stoo. "Hii imefika lini?"

Akainamisha macho. "Haikufika, mama. Ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inasubiri sahihi ya meneja."

Wiki tatu! Gesi mpya ilipata sahihi yake kwa siku moja, na lori zima likaja. Pete ya ukubwa wa kifungo ilikaa kwenye droo, hatua arobaini kutoka pale mdogo wangu alipokuwa analala. Nilizihesabu hatua hizo nikirudi gereji, na kila hatua nilikuwa natukana kimoyomoyo.

Niliifunga pete, nikapaka sabuni, nikapaka tena. Nilifanya viungo vya magari yote kumi na moja mpaka mikono ikakunjamana. Foronya alikuwa ananishikia taa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusinzia.

Jioni tulirudi nyumbani pamoja. Mama alikuwa hajui kitu. Alimtazama mwanawe, akampakulia chakula, kisha akaniuliza swali lake la kila siku, "Gari umelikagua?"

"Nimelikagua, Mama."

Nilikaa karibu naye, barua ya onyo bado mfukoni. Akasogeza uso begani kwangu, akakunja pua.

"Unanuka gesi," akasema. "Nenda kaoge."

Foronya alinitazama, nami nikamtazama. Nilibaki palepale nilipokaa na harufu yangu, sikwenda kuoga mpaka mdogo wangu alipomaliza kula.