Mzunguko wa Tatu

Nathanieli Lwakatare alikuwa na kiburi, na tuseme ukweli, kiburi chenyewe alikuwa amekifanyia kazi. Mwaka 1994 Bukoba nzima haikuwa na mtu mwingine aliyeweza kuandika kiendeshaji, ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, na kuzungumza na matundu yake: tundu hili limechomekwa printa, tundu lile limechomekwa mashine ya maabara. Alikuwa amesoma Ufini miaka sita kwa msaada wa kanisa, akarudi na mfumo wa bure kwenye disketi, msimbo wake wote ukiwa wazi kwa anayetaka kuusoma. Juu yake aliongeza mistari mia sita ya kwake. Siku ya Ijumaa gari la mradi wa kupima damu ya kuwaongezea wagonjwa lilikuwa linakwenda Muleba, naye alitaka mistari hiyo iwe ndani ya gari.

Aliyemkwamisha alikuwa mama wa miaka hamsini na nne mwenye penseli.

Kokuberwa alianza kazi ya kompyuta Dar es Salaam zamani zile za kutoboa kadi ili mashine izisome. Mume wake alikwenda vita vya Uganda na hakurudi, naye akahamia Bukoba, karibu na kwao, pamoja na wanawe. Mkuu wa mradi alikuwa ametoa amri moja isiyo na mjadala: hakuna msimbo unaotoka ofisini kabla huyo mama hajausoma. Nathanieli aliisikia amri hiyo akacheka kimoyomoyo. Mtoboa kadi amsahihishe yeye?

Jumatatu alimkabidhi karatasi zote. Jumanne akaenda kuuliza.

"Nimemaliza mzunguko wa kwanza," alisema Kokuberwa. Shavuni alikuwa na punje ya akamwani, kahawa ya kutafuna, ambayo haikumtoka mdomoni akiwa kazini.

"Mzunguko wa kwanza? Kwani iko mingapi, mama?"

"Mitatu. Kwetu Ijumbi, huko Muleba, mama yangu alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. Kwanza anatoa nyeusi tu. Iliyovunjika anaiona, anaiacha. Akimaliza anarudi mwanzo kutoa zilizovunjika. Halafu anarudi tena kutafuta zilizotobolewa na wadudu. Gunia lake halikuwahi kurudishwa. Mimi mzunguko wa kwanza nimetazama milango, kila ulichokifungua kama umekifunga. Umekifunga. Unaandika vizuri, Nathanieli."

Alisifiwa, akakasirika. Ilikuwa Jumanne, na bado mizunguko miwili.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa namba, ukaisha Jumatano jioni na kosa moja dogo ambalo Nathanieli alilirekebisha huku akinuna. Alhamisi asubuhi Kokuberwa alimwita mwenyewe. Karatasi ya kumi na moja ilikuwa mezani peke yake, na pembeni ya mistari minne palikuwa na alama ndogo ya penseli.

"Mzunguko wa tatu natazama kungoja," alisema. "Hapa unangoja nini?"

Nathanieli alivuta kiti, akaeleza kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Kila tundu lina kengele yake. Herufi ikifika kutoka mashine ya maabara, kengele inalia, kiini kinaacha vyote kwenda kuipokea. Sasa, kabla ya kuzungumza na printa, kiendeshaji kinanyamazisha kengele zote ili kisikatizwe, kinaiuliza printa kama iko tayari, kisha kinangoja jibu.

"Kinangoja mpaka lini?"

"Mpaka ijibu. Inajibu mara moja, mama. Hata kope hujapepesa."

"Na karatasi zikiisha?"

"Taa nyekundu inawaka, Petronila anaweka nyingine." Petronila ndiye aliyekuwa fundi wa maabara kule Muleba.

"Petronila yuko wapi?"

"Si yuko hapohapo kwenye mashine."

Kokuberwa alivua miwani. "Kaka yako Aristides alipozikwa kule Muleba, mwaka tisini na moja, nani alibaki ofisini?"

Siku Aristides anazikwa Nathanieli alikuwa kwenye chumba cha mtihani Ufini, na barua ilimfikia baada ya wiki tano.

"Hakubaki mtu," Kokuberwa alisema. "Mimi nilikuwepo. Hata mlinzi alikuja. Wiki ile tulizika mara tatu, na kila mara kijiji kizima kiliacha kazi. Wewe umeandika kwa ajili ya ofisi ambayo mtu haondoki mezani. Huko ulikosoma labda ziko."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nathanieli alitaka kubisha. Akasema basi wajaribu. Mashine ya maabara ilikuwa bado pale ofisini ikisubiri safari, wakaiunganisha, wakaipa sampuli arobaini za majaribio. Ya saba waliifanya chafu kwa makusudi, kama damu yenye virusi. Matokeo ya nne yalipochapwa Kokuberwa alitoa karatasi kwenye printa, wakatoka nje kunywa chai. Waliporudi walirudisha karatasi, na printa ikaendelea kwa furaha zake.

Namba saba ilitoka safi.

Nathanieli aliinama juu ya karatasi, akahesabu mistari. Wakati printa inangojwa, mashine ilikuwa imeendelea kutuma matokeo na kengele hazikulia. Yaliyotumwa yakapotea, na yaliyofuata yakakalia namba za yale yaliyopotea.

"Orodha imeishia thelathini na moja," alisema kwa sauti ndogo. "Petronila angeona zimepungua."

"Ametoka kuzika, anahesabu arobaini? Na chupa ya saba ya damu imeshapelekwa wodini."

Gari la Ijumaa liliondoka bila disketi. Nathanieli aliandika upya: kengele zibaki wazi, kungoja kuwe na kikomo, printa isipojibu matokeo yahifadhiwe, na kila jibu libebe namba ya chupa yake. Alipompelekea Kokuberwa karatasi mpya, yule mama alizipanga, akaanza tena mzunguko wa kwanza. Safari hii Nathanieli alileta kiti chake na penseli yake. Alijaribu kutazama kungoja na namba kwa pamoja, akapitwa na kosa ambalo Kokuberwa alimwonyesha kwa ncha ya kidole. Hapo ndipo alipokubali moyoni kwamba anamheshimu mama huyu kuliko maprofesa wake wote.

Wiki tatu baadaye alikwenda Muleba kuifunga mashine mwenyewe. Siku ya pili, saa nne asubuhi, kazi ikiwa katikati, taarifa ikaja kwamba kuna maziko Buganguzi. Petronila alivua koti la maabara na kujifunga kanga. Nathanieli aliitazama printa. Karatasi zilikuwa chache. Alinyoosha mkono aziongeze, akaurudisha, akamfuata Petronila.

Buganguzi alipewa koleo. Lilikuwa kaburi la kwanza kulifukia tangu arudi nyumbani. Alifukia hadi viganja vikachubuka, na machozi ambayo hayakumtoka Ufini yakamtokea kwenye kibanja cha migomba cha watu asiowajua. Hakuna aliyemshangaa.

Waliporudi taa nyekundu ilikuwa inawaka. Petronila, macho yamemvimba, aliweka karatasi bila kuuliza kitu. Printa ikaanzia ilipoishia: kumi na tisa, safi. Ishirini, safi. Ishirini na tatu ilitoka chafu. Petronila alikwenda kwenye jokofu, akasoma namba mara mbili, akaiondoa chupa hiyo.

Nathanieli aliikunja ile orodha akaenda nayo Bukoba. Kokuberwa aliipokea, akatia punje ya akamwani mdomoni, akachukua penseli na kuanza namba moja. Nathanieli alikaa akangoja, wala hakutazama saa. Mama alipofika arobaini, namba ya mwisho, akaiweka penseli chini.

"Mmezika salama?" aliuliza.

"Tumezika salama, mama."