Upindo wa Shibiri Moja

Sare za hoteli ile nilizishona mimi. Nalisema mapema ili mtu asinihurumie bure.

Mdogo wangu alikaa mapokezi miaka sita. Hata wageni waliofika wamenuna waliondoka wakicheka naye. Mguu wake una kovu la moto tangu utotoni, kutoka gotini hadi katikati ya muundi, kwa hiyo alivaa suruali na hakuna aliyemuuliza. Akaja meneja mpya na sheria zake: wanawake wa mapokezi wote sketi, mwisho gotini, miguu wazi. Wanaume wakabaki na suruali zao, maana magoti ya wanaume hayaleti wageni.

"Dada, nifanyie maarifa," aliniomba.

Nilipaswa kumwambia akatae waziwazi. Badala yake nikajitia ujanja. Sketi yake niliikunja upindo wa shibiri nzima, nikaushikiza kwa uzi mwepesi. Sare zilipimwa kwa rula juu ya meza ya meneja, zikapita zote. Usiku ule akafumua uzi, sketi ikashuka ikafunika kovu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wiki ya pili meneja aliona mstari wa mkunjo wa zamani, ule ambao pasi haiutoi. Barua ya kumfukuza haikutaja kovu wala sketi. Ilisema udanganyifu.

Tulikwenda kwa afisa wa kazi, mama mmoja mpole. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, ungekataa tu kuivaa, ningekusimamia. Huo ungekuwa ubaguzi mtupu. Sasa wamekushika kwa uongo, na barua hii itakutangulia kila utakapoomba kazi." Akachukua kalamu. "Huo upindo, nani aliuweka?"

Hoteli ilikuwa imeniagiza sare nyingine thelathini, za wahudumu wa vyumba, na vitambaa vilikuwa vimeshakatwa, viko mezani kwangu. Mdogo wangu alilijua hilo. Hakunitazama hata kidogo.

"Ni mimi mwenyewe, mama," alisema. "Nilishona nyumbani."

Yeye ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Afisa akaandika. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili, bega langu likigusa lake, na nikanyamaza mpaka kalamu ikawekwa chini.