Kibao cha Ruhusa

Washonaji walikuwa arobaini na kibao cha ruhusa kilikuwa kimoja. Aliyetaka kwenda msalani alikivaa shingoni. Wengine walijibana hadi arejee. Mmoja wao wenzake walimwita Mifuko, kwa kuwa kwa miaka saba alikuwa akishona mifuko ya makoti meupe ya madaktari. Siku zake za mwezi zilipofika walimtania kwamba ameolewa na kibao, naye alicheka nao, amejikunja juu ya cherehani, jasho likimtiririka.

Mwezi huo alizimia mara mbili. Nyapara, mwanamke mtu mzima asiyepandisha sauti, alimwambia alete barua ya daktari kabla ya Ijumaa. Akiileta, angehamishiwa kiti cha karibu na mlango, apewe na kibao chake mwenyewe. Akizimia tena bila barua, asihangaike kurudi.

Kwenye zahanati daktari hakumgusa. Mifuko alieleza kwamba maumivu yalimwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, na kwamba mama yake alimpa maji ya moto na neno moja, vumilia. Akaeleza, macho chini, kwamba hata haja kubwa humkata kama wembe. Daktari alikuwa amekwisha kuanza kuandika.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Olewa, uzae. Yataisha yenyewe."

Barua ikatiwa katika bahasha, ikagongwa muhuri. Mifuko hakuifungua. Alilelewa kuheshimu bahasha ya mtu, na muhuri ulimpa imani. Aliibeba kifuani kama yai.

Nyapara aliisoma amesimama, mbele ya safu nzima.

"'Maumivu ya kawaida ya hedhi. Anafaa kwa kazi zote.' Umesikia mwenyewe, mdogo wangu."

Kisha akainama hadi sikioni mwake.

"Mimi nilitolewa kizazi nikiwa na miaka ishirini na tisa. Wiki ya tatu nilikuwa kwenye cherehani."

Mifuko akarudi kwenye kiti chake cha katikati. Ilipotimu saa tisa, kibao kilikuwa shingoni mwa mwingine. Alisubiri. Aliposhindwa kusubiri alisimama, na koti alilokuwa akilishona, lililokuwa limeteleza kutoka mapajani hadi chini yake, likaonekana kitini, lina doa jekundu.

Hakuna aliyefoka. Yaliletwa maji baridi na chumvi. Wanawake wawili walilishika koti penye mwanga, wakalisugua taratibu kwa ncha za vidole, wakalisuuza, wakalisugua tena. Mkaguzi alivaa miwani, akalipitia mshono kwa mshono, ndani na nje.

"Kitambaa hakijaumia?" nyapara aliuliza kwa upole.

"Hakijaumia."

Mifuko alikuwa amechuchumaa ukutani, ngumi tumboni. Koti likapigwa pasi, likakunjwa, likalazwa katika boksi juu ya mengine, jeupe. Kibao kilikuwa bado hakijarudi.