Bikira Ameshalia?

Tuliwekeana sharti kwenye simu mimi na binti yangu Graciela, na ni mimi niliyelitoa, tena kwa hasira, aliponiomba kwa mara nyingine nihamie kwake. Nilimwambia, "Ijumaa ya Mama wa Mateso naweka altare ya mama yako kama kawaida. Akija hata mtu mmoja akauliza, nabaki hapa Guanajuato mpaka mnizike. Asipouliza mtu, njoo jioni unichukue nikaishi kwako León."

"Mtu yeyote, baba?"

"Yeyote mwenye mdomo."

Kuuliza kwenyewe si kazi. Siku hiyo milango huwa wazi mji mzima. Mpita njia husimama kizingitini akauliza, "Bikira ameshalia?" Mwenye nyumba hujibu, "Ameshalia," akampa kikombe cha machozi hayo, yaani maji matamu ya bitiruti na machungwa. Ila mwenye nyumba hamwiti mtu wala hamdokezi. Asipoulizwa, hatoi. Mke wangu Otilia aliulizwa miaka arobaini na mmoja mpaka sauti ikamkauka. Hii ilikuwa Ijumaa ya kwanza bila yeye.

Nyumba yangu iko ngazi ya mia na themanini na tatu, kwenye kichochoro kinachopanda mlima. Zamani tulikuwa familia kumi na tisa huku juu. Sasa majirani wote wamehama, nyumba zao zinalala wageni wa siku mbili, na manispaa imechora mishale ya njano ili watembezi wajue njia ya kwenda kuutazama mji kutoka kileleni. Mishale hiyo siipendi. Inawafanya watu waangalie ukuta wasiuone mlango.

Saa tatu asubuhi nilikuwa tayari. Nilitandika kitambaa cha zambarau, nikapanga machungwa yenye vibendera na makopo ya ngano iliyochipua, nikaweka ndoo ya maji mekundu kando. Ngano niliizidishia maji, ikaoza upande mmoja. Otilia angenisema hadi Pasaka.

Watembezi walipita. Niliwahesabu hadi sitini, nikaacha kwa uchungu. Msichana mmoja mwenye fimbo mbili za kupandia mlima alisimama, akayapiga picha machungwa, akasema "Maridadi sana" kwa lafudhi ya mbali, akaufuata mshale. Neno moja tu ningemwambia. Nikauma ulimi.

Adhuhuri akapanda Nicanor, mbeba gesi, mtungi begani.

"Don Fidencio, bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

Akacheka, akautua mtungi, akachungulia altare na kuvua kofia. Nikasema moyoni, sasa anauliza.

"Doña Otilia angefurahi," akasema. "Ila mimi na jasho hili, na viatu hivi, sisimami mbele ya Bikira. Nitapanda baadaye nikishaoga."

"Baadaye saa ngapi?"

"Baadaye tu, mzee. Nina mitungi kumi na mmoja bado."

Nilijua hatarudi, na yeye alijua.

Saa kumi na moja Graciela akapiga simu kusema ameshuka basi. Hapo aibu ilinishika kuliko hata huzuni. Sikutaka aikute ndoo imejaa. Niliiburuta hadi mlangoni nikaimwaga yote kichochoroni, kisha nikavichovya vikombe ishirini kwenye masalia na kuvitawanya mezani. Mzee wa miaka sabini na minne, nachafua vikombe kumdanganya mwanangu.

Alifika akihema. Viatu vyake vyeupe vilikuwa na madoa mekundu. Hakunisalimu. Alisimama kizingitini, akaitazama altare, akavitazama vikombe, kisha akauliza taratibu:

"Bikira ameshalia?"

Sikuwa na hata tone la kumpa.

"Ameshalia," nikasema. "Yamekwisha."

"Najua. Nimeyakanyaga tangu ngazi ya mia na hamsini."

Nililia, wala sikujificha. Akaketi kando yangu, akanishika goti.

"Basi umeulizwa, baba. Umeshinda."

"Wewe huhesabiki."

"Ulisema yeyote mwenye mdomo. Mimi wangu unaujua."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Akaosha vikombe vyote, akazima mishumaa, akanibusu kichwani. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu la safari na kuliweka nyuma ya mlango. Alipoliona akalirudisha chumbani mwenyewe. Kisha akaaga ili awahi basi la saa moja.

Nilisimama mlangoni nikimtazama akiteremka. Sharti lilikuwa langu, na nyumba ilikuwa yangu mpaka wanizike. Penye kona alisimama akageuka, akabaki hapo kitambo. Nilitaka aniulize habari ya León mara moja tena tu, ningekubali papo hapo. Hakuuliza. Nami, mpumbavu, sikumwita.