Filta ya Mkaguzi Erasto

Erasto Chikopa alikagua shule kwa miaka ishirini na tisa, na alipostaafu akakosa cha kukagua. Mkewe, Felista, alishamwambia mapema kwamba jikoni asikanyage. Ndipo akanunua pikapu ya dizeli, kuukuu lakini imara, akaiegesha mbele ya nyumba yao Magomeni, mjini Mtwara, na kuanza kuitazama kwa jicho lile lile alilokuwa akiwatazamia walimu wakuu.

Miezi ya mwanzo gari lilikuwa mikononi mwa fundi Ramadhani wa mtaa wa pili, mtu asiye na maneno mengi. Kosa lake lilikuwa hilo. Erasto akiuliza kwa nini injini inatoa moshi mweusi, Ramadhani alijibu, "Filta ya hewa," akaibadilisha, akaenda zake. Erasto alijiona amedharauliwa. Mtu mwenye stashahada mbili hajibiwi kwa maneno matatu.

Akahamia kwenye simu. Kila baada ya chai ya asubuhi alitazama video za ufundi, na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mthai mmoja mnene aliyefungua injini huku akizungumza bila kupumua. Erasto hakujua neno la Kithai. "Natazama mikono," alimwambia Felista. "Injini ni mantiki tu. Mafundi wanaificha ili tuwategemee." Alinunua kasha la spana, akashonesha ovaroli ya bluu, na kwenye mfuko wa kifua akachomeka kalamu mbili.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ya binti wa kaka yake Felista huko Kitaya, alibadilisha filta ya dizeli mwenyewe. Ilimchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mama mkwe wake, Bibi Rozalia, aliyekuja kwa ajili ya safari, alikaa kibarazani akichambua mchele na kumtazama. Baadaye Felista aliona matone chini ya gari.

"Baba Sabina, mbona inavuja?"

"Inajisafisha," alisema Erasto.

Jumamosi walitoka saa moja asubuhi. Nyuma walipakia sufuria nne kubwa na magunia mawili ya mchele, chakula chote cha karamu. Mbele, Bibi Rozalia alikaa dirishani na Felista katikati, ili mkwe na mama mkwe wasigusane. Njia nzima Erasto alieleza jinsi dizeli inavyowaka. Walipopita Ziwani, gari likaanza kukohoa, likavuta kidogo, likanyamaza.

Erasto alishuka, akafungua boneti, akasimama mikono kiunoni. "Nozeli," alisema. Baada ya nusu saa ilikuwa betri, kisha pampu, kisha mafuta mabaya ya kituo fulani. Kila alipobuni ugonjwa mpya alirudi kupiga starta, na starta ilizidi kulia kwa sauti ya chini, mpaka ikawa inagonga mara moja na kukata. Dereva wa lori alisimama akauliza kama wanahitaji msaada. Erasto alimpa somo fupi juu ya mfumo wa mafuta. Dereva alisikiliza kwa adabu, akaondoka.

Kufika saa nne, wenyeji wa Kitaya walikuwa wamepiga simu mara sita kuulizia sufuria. Felista aliacha kupokea.

Kisha ikaja toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ikiendeshwa na mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya suruali. Jina lake Isabel. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, naye alikuwa na mashine ya kusaga pale Kitaya, ya dizeli, aliyoitunza mwenyewe tangu mumewe afariki. Alikuwa ametoka Mtwara kununua mkanda wa mashine hiyo.

"Shikamoo mzee. Limezimika lenyewe?"

"Marahaba. Ni suala la kitaalamu," alisema Erasto.

"Jana mlifungua nini?"

"Hakuna."

"Alifungua kile kikopo," alisema Bibi Rozalia kutoka dirishani, akikionyesha kwa kidole. "Mkwe, samahani. Nilikuwepo."

Isabel aliinama ndani ya boneti. Alikizungusha kikopo kikatoka, akaingiza kidole pale juu kilipokuwa kimefungwa, akachomoa mpira mweusi wa mviringo. Halafu akauonyesha wa pili, uliokuwa kwenye filta mpya.

"Wa zamani ulinasa huku juu. Ukafunga mpya juu yake. Filta haikazi vizuri, inavuta hewa."

Alirudisha filta na mpira mmoja, akalegeza boliti ndogo, akabonyeza pampu ya mkono. Ilitoka povu, povu tena, kisha dizeli safi. Akakaza. Haikufika dakika kumi.

Betri ilishakufa, kwa hiyo ikabidi kusukuma. Walisukuma Isabel, Felista katika gauni lake la kuendea harusini, na wakulima wawili waliokuwa wakipita na majembe. Erasto alishika usukani, kwa sababu usukani unataka mtu mwenye uzoefu. Gari liliwaka, likamfukizia Felista moshi usoni.

Karamu ililiwa saa kumi na moja. Wageni walipokuwa wakinawa mikono, Erasto alikuwa ameshazungukwa na wanaume. "Tuligundua mfumo umeingiza hewa," alikuwa akisema. "Wengi wangeishia kwenye nozeli." Isabel alikuwa hatua tano kutoka hapo, akila wali wake. Alimtazama mara moja, akaendelea kula.

Adelino, mjomba wa bwana harusi, alisikiliza kinywa wazi. Pampu yake ya kumwagilia mpunga ilikuwa ikisumbua wiki nzima. "Mzee, ukiniangalizia kesho nitashukuru."

Felista aliweka sahani chini. "Shemeji, mwite Isabel."

Adelino alicheka kwa upole. "Isabel ni wa kusaga unga, shemeji. Hii ni pampu."

Jumapili kabla ya adhuhuri, pampu ya Adelino ilikuwa vipande vipande ndani ya beseni la kuogea, na Erasto alikuwa amekumbuka kikao cha kamati ya kanisa Mtwara ambacho hakingefanyika bila yeye. Aliondoka na ovaroli yake safi. 

Isabel alitumia siku mbili kurudisha vile vipande mahali pake, akitukana kwa Kireno. Maji yalipofika shambani, Adelino alimshukuru sana. Aliwaambia na majirani kwamba yule mkaguzi alikuwa amebakiza kidogo tu kumaliza.