Wali Mdomoni mwa Bibi Mweupe

Usiku wa jana niliota nimesimama nyuma ya projekta yangu, nami ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye tundu lolote la waya. Sikushtuka. Mimi Hatibu ndiye fundi wa video za sherehe hapa Muheza, na waya haujanishinda hata siku moja.

Isipokuwa jana hiyo hiyo. Leo jioni ni sendofu ya mdogo wangu Shemsa, tunamuaga kabla ya kuolewa, na baba yetu, Mungu amrehemu, alimwachia radhi zake kwenye kanda ya kamera ya zamani. Nilipoijaribu, baba alionekana ukutani akifungua na kufunga mdomo, sauti hakuna. Shemsa alilia mpaka nikaona haya.

"Nyamaza," nikamwambia. "Kesho utamsikia. Mimi nipo."

Basi ndotoni matundu yameketi kwenye viti vya plastiki, kama wazee wa ukoo walioalikwa shughuli. Yule bapa, kijana wa laptopu, nampita bila neno. Naenda kwa wale watatu wa mviringo, wazee wa kamera.

"Shikamooni."

"Marahaba," anaitikia Njano, mwenye kupitisha picha.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia Mwekundu.

Mweupe kimya. Ananikodolea macho tu.

Hapo nachukia. "Bibi, nimekuamkia! Sauti ya baba yangu inapita kwako, halafu unaninunia?"

"Hajanuna," anasema Mwekundu. "Ana wali mdomoni tangu harusi uliyopiga video Jumamosi. Kwao alifundwa: chakula kikiwa mdomoni, husemi."

"Si ameze?"

"Ameze aupeleke wapi? Sisi tuna matumbo?"

Ukumbi unakuwa kliniki ya meno, nami nimevaa koti jeupe, limenikaa vizuri kweli. Udaktari sijasomea, lakini sioni sababu ya kuwasumbua waliosomea.

"Panua, bibi."

Anapanua. Naingiza mkono mpaka begani, navuta. Lahaula! Punje moja, kubwa kama mto wa kulalia, bado inanukia iliki. Naikumbatia. Mweupe anajipangusa midomo taratibu, kama mtu asiye na haraka na mtu.

"Marahaba," anasema, kwa sauti ya baba.

Nikaamka. Kumekucha, na ngumi yangu ya kulia nimeikaza hata vidole vinauma. Nikaifungua. Mna punje ya wali, kavu, inanukia iliki. Nasi jana tulikula ugali.

Sikunawa hata uso. Nikachomeka waya za kamera kwenye projekta, nikawasha. Baba akatokea ukutani, akakohoa kile kikohozi chake.

"Shemsa," akaita. "Shemsa, mwanangu."

Uani ufagio ukaanguka. Kabla sijageuka, nikamsikia mdogo wangu akiitikia:

"Abee, baba."